Sakafu Aliyoichagua Mama Ndoo

Kwa miaka ishirini na sita alipiga deki jengo moja la ofisi lenye ghorofa nane, ngazi mbili, na lifti iliyokuwa ikigoma kila mvua ikinyesha. Jina lake halisi walilijua watu wa malipo tu. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa mlangoni hadi wakubwa wa ghorofa ya juu, walimwita Mama Ndoo. Hakuwahi kukasirika. Alisema ndoo ndiyo iliyomlisha, kwa hiyo hakuona aibu kuitwa kwa jina lake.

Sakafu alizijua kama fundi cherehani anavyojua vitambaa. Alijua kigae kipi kikimwagikiwa chai kinabaki na doa, kipi kinateleza kikiloa, na mistari ipi katikati ya vigae itakuwa imeshaota weusi kabla mwaka haujaisha. Lakini sakafu iliyompendeza kuliko zote ilikuwa ile ya ukumbi wa chini, vigae vyeusi na vyeupe vilivyopishana kama ubao wa drafti. Aliisugua asubuhi kabla watu hawajaingia, akaisugua tena jioni wakishatoka, na katikati ya siku akapita na tambara kufuta nyayo.

Hapo ndipo alipokutana na mumewe. Alikuwa dereva wa gari la kusambaza vifaa vya ofisi, kijana mrefu mwenye haraka. Siku hiyo aliingia amebeba maboksi ya karatasi mpaka kidevuni, akakatiza sakafu ikiwa bado mbichi, na viatu vimejaa tope. Mama Ndoo, wakati huo bado msichana, alisimama na fimbo yake ya deki akamuuliza kama kwao sakafu hujisafisha yenyewe. Kijana akageuka, akaziona nyayo zake kuanzia mlangoni. Aliweka maboksi chini, akavua viatu, akavipeleka nje akitembea kwa ncha za vidole, kisha akarudi na soksi zilizotoboka kisigino. Tangu siku hiyo kila alipoleta mzigo alivua viatu, hata sakafu ikiwa kavu kabisa. Mwezi wa nne mlinzi akamuuliza Mama Ndoo kama yule dereva ana kazi nyingine au ndiyo hiyo ya kuvua viatu. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana.

Mama mkwe hakupendezwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa kunyoosha hata leso kwa pasi, na alikuwa amemwombea mwanawe mke wa ofisini. Akaletewa mke wa ofisini kweli, ila mwenye ndoo. Miaka miwili ya kwanza alizungumza naye kupitia mwanawe, hata wakiwa wote watatu chumba kimoja. "Mwambie mkeo chai imepoa," alikuwa akisema, na mke mwenyewe amekaa hapo pembeni na birika mkononi. Kisha mama mkwe akaugua homa kwa wiki nzima, Mama Ndoo akawa anamfulia. Alipopata nafuu akamuuliza, yeye mwenyewe, ameanika wapi lile gauni la kijani. Mama Ndoo akamwonyesha. Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya kwanza, na baada ya hapo yakaendelea hivyo hivyo, kidogo kidogo, juu ya nguo, chumvi na bei ya sabuni.

Nyumba waliijenga polepole, kwa likizo na kwa marupurupu. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, ujia mfupi wa kwenda chooni, na jiko nyuma. Sakafu waliiacha ya saruji. Mume alikuwa akisema, kila wakikaa sebuleni, kwamba siku wakipata watatia vigae, na sebuleni hapo itakuwa drafti, nyeusi na nyeupe, ili mkewe naye atembee juu yake bila fimbo mkononi. Hakuiona siku hiyo. Aliugua kwa muda mfupi, akafariki, akaacha mke, mama yake, na kopo la rangi ambalo hata hakulifungua.

Watu walidhani mama mkwe atahamia kwa binti yake upande wa pili wa mji. Hakuhama. Alisema hiyo ni nyumba ya mwanawe, na Mama Ndoo hakuona sababu ya kubishana. Wakaishi wawili. Halafu kumbukumbu za mama mkwe zikaanza kumtoka, kwanza majina ya vitu, baadaye siku za wiki, mwishowe watu. Siku nyingine alimtambua mkwewe vizuri tu. Siku nyingine alimwita "dada", akidhani ndiye yule dada yake mkubwa aliyembeba mgongoni utotoni na ambaye alikwisha kufa zamani. Mama Ndoo aliitikia. Alikuwa ameshazoea kuitwa majina yasiyo yake.

Alipostaafu na kupata kiinua mgongo, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda duka la vigae. Akanunua nusu vyeusi, nusu vyeupe, vya kutosha nyumba nzima.

Fundi aliyemwita aliitwa Profesa, kwa sababu ya miwani aliyoning'iniza shingoni kwa uzi na kwa sababu alipenda kueleza. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kazi yoyote aliianza kwa kupanga vigae vikavu sakafuni, bila gundi, mwenye nyumba akavitazama na kuvikanyaga kwanza. Alisema gundi ikishashika, kubadili mawazo ni kwa nyundo. Akamwonyesha Mama Ndoo namna za kupanga. Kuna mpango mnyoofu, ambao pembe zote zinakutana. Kuna wa mshazari, unaokifanya chumba kidogo kionekane kipana lakini unakula vigae vingi kwa kukatakata pembeni. Kuna wa matofali, ambao kila mstari unaanzia nusu ya kigae cha mstari wa jirani, kama ukuta ulivyojengwa. Mama Ndoo alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema anataka drafti. Profesa akauliza drafti ya mshazari au ya kunyooka. Akasema ya kunyooka, kama ile ya ukumbini.

Ilipofika saa sita mchana sebule yote ilikuwa imejaa. Mama Ndoo alivua ndala mlangoni, akaingia pekupeku, akatembea mpaka dirishani na kurudi. Profesa akajifanya anatafuta penseli yake.

Wakati huo mama mkwe akatokea chumbani kwake, mkono mmoja ukutani, kama alivyozoea. Alifika mwanzo wa vigae akasimama. Akaunyoosha mguu, akaurudisha. Akainama kidogo, akakodoa macho.

"Mmetoboa nyumba," akasema.

Mama Ndoo akadhani hakusikia vizuri. "Ni vigae, mama. Vile nilivyokwambia tutaweka."

"Mashimo yote haya. Nani kayachimba?"

Ndipo Mama Ndoo alipoelewa kwamba mama mkwe anaviona vile vyeusi kama mashimo. Akafikiri akimwonyesha ataamini, akaenda akasimama katikati ya kigae cheusi kwa miguu yote miwili. Uso wa mama mkwe ukabadilika. Akaushika mlango kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine mbele.

"Dada, usijongee," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kushtua. "Nipe mkono. Nitakuvuta mimi. Usitazame chini."

Mama Ndoo akampa mkono. Mama mkwe akamvuta kwa nguvu ambazo mkwewe hakujua kama bado anazo, akamkumbatia kwenye fremu ya mlango, moyo wake ukidunda mpaka Mama Ndoo akausikia kifuani mwake mwenyewe. Katika miaka yote waliyoishi pamoja hawakuwahi kukumbatiana, hata msibani.

Profesa alisema macho yatazoea, apewe siku mbili tatu. Wakakubaliana vigae vibaki hivyo hivyo bila gundi mpaka kesho. Akaenda zake.

Hazikufika siku mbili. Alasiri ile ile Mama Ndoo alikuwa nyuma akianua nguo. Aliporudi ndani alimkuta mama mkwe amesimama kwenye mlango wa chumba chake, gauni limelowa kuanzia kiunoni, maji yametiririka mpaka kwenye mstari wa kwanza wa vigae. Choo kilikuwa ng'ambo ya sebule. Bahati mbaya, saa hiyo akili zake zilikuwa timamu kabisa, na aibu ilikuwa imemshika usoni kama homa.

"Nilitaka kwenda," akasema. "Sikuona pa kupita."

"Ni mimi, mama," akajibu Mama Ndoo. "Nimepita hapa na ndoo sasa hivi nikamwaga maji, nikakulowesha. Nisamehe."

Mama mkwe akamtazama. Kisha akasema awe mwangalifu siku nyingine, kwa ile sauti yake ya zamani ya ualimu, na Mama Ndoo akaitikia kwamba atakuwa mwangalifu. Alivisukuma vigae kando akafungua njia mpaka chooni, akamwosha, akambadilisha nguo, akapiga deki mahali pale.

Jioni wifi yake alikuja, yule binti wa mama mkwe, mwanamke mwenye moyo mweupe na maneno mengi. Alipoelezwa habari yote alisema atamchukua mama akae kwake. Alisema Mama Ndoo amehangaika vya kutosha, nyumba ni yake, na mtu hawezi kuishi maisha yote akisugua sakafu za wenzake halafu ya kwake akanyimwa. Hayo yote aliyasema kwa kumpenda. Mwishoni akaongeza kwamba kaka yake mwenyewe ndiye aliyeahidi sakafu hiyo.

"Aliniahidi drafti, ni kweli," Mama Ndoo akasema. "Lakini alichoniachia ni mama."

Wakanywa chai.

Asubuhi Profesa alikuta vyeusi vyote vimepangwa ukutani, kimoja juu ya kingine. Alipendekeza waweke vyeupe vitupu, kisha akavipanga. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na vile vyeupe vilikuwa vya kung'aa. Mama mkwe alifika mlangoni, akatazama, akapandisha gauni juu ya vifundo vya miguu kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuvuka kijito.

Mama Ndoo akajipiga paji la uso. Hilo alilijua fika. Pale ukumbini, asubuhi za jua kali, wageni walikuwa wakizunguka mahali pakavu wakidhani pamelowa, na yeye alikuwa akiwacheka kimoyomoyo. Akamwambia Profesa avitoe na hivyo.

Profesa akakaa chini, akashika tama. Alisema ameweka vigae miaka kumi na tisa na hajawahi kukutana na mteja wa namna hii. Akajaribu kumtafutia kifuta machozi. Kama drafti haiwezekani sebuleni, basi aiweke chumbani kwake mwenyewe, ambako haimsumbui mtu. Mama Ndoo alifikiri sana hapo, maana alitamani. Lakini asubuhi nyingi mama mkwe huingia chumbani kwake kabla hajaamka, anamtikisa bega na kumwambia atachelewa shule. Siku asipoingia, Mama Ndoo hulala mpaka jua limpige usoni, na huamka na wasiwasi. Akasema hapana.

Walikwenda dukani pamoja. Mwenye duka alikubali kubadilisha maboksi ambayo hayajafunguliwa, akamwambia achague. Kumbe hakujua anamwambia nani. Mama Ndoo alichukua kigae kimoja kimoja akakipeleka mlangoni juani, akakitazama kwa ubavu kuona kama kinarudisha mwanga. Akakimwagia maji ya chupa, akavua ndala, akakisugua kwa kisigino. Akakiparura kwa ukucha. Wateja wengine wakaanza kusimama kumtazama, na mama mmoja aliyekuja kununua vya bafuni akamwomba amjaribie na vyake. Mwishowe Mama Ndoo akachagua vya rangi ya mchanga mkavu, visivyong'aa, vyenye ukali kidogo chini ya mguu. Akachagua na unga wa kuzibia mistari wa rangi hiyo hiyo, ili mistari isionekane. Mwenye duka alisema watu wengi hupenda mistari myeupe. Mama Ndoo akasema watu wengi hawaisugui wao.

Nyumbani Profesa alivipanga kwa mtindo wa matofali, mistari ikikatiza sebule kwa upana. Wakamleta mama mkwe. Safari hii hakusimama, lakini kila alipofika kwenye mstari aliinua goti juu, kama anapanda ngazi. Alifika katikati ya chumba amechoka. Mama Ndoo na Profesa wakatazamana. Wakaviinua vyote, wakavigeuza, mistari ikawa inaelekea kule kule anakokwenda mama mkwe, kutoka mlango wa chumba chake, kupita sebuleni, moja kwa moja hadi kwenye ujia wa choo.

Mama mkwe akatoka. Alitazama chini, akatazama mbele, akaondoa mkono ukutani. Alikwenda polepole, mikono nyuma kama mwalimu anayepita kati ya madawati, akafika mlango wa choo, akaingia, akaufunga. Wao wakabaki wamesimama sebuleni kama watu waliosubiri matokeo ya mtihani. Alipotoka aliwakuta bado wapo pale pale.

"Barabara nzuri," akasema. "Nani kaitengeneza?"

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Maboksi yaliyokuwa yameshafunguliwa hayakuweza kurudi dukani; vyeupe vilikwenda ukutani jikoni. Vyeusi Profesa alivikata vipande vyembamba akavibandika chini ya kuta, kuzunguka sebule na ujia, ili mama aone sakafu inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Walimjaribu na hivyo kwanza. Hakuviogopa. Vikiwa vimesimama ukutani havikufanana na mashimo.

Siku ya gundi Profesa aliwakataza kukanyaga ndani mpaka kesho yake. Wifi alikuwa awachukue mchana wakalale kwake, lakini alichelewa kazini, kwa hiyo alasiri nzima walikaa nyuma ya nyumba juu ya ndoo mbili zilizogeuzwa, wakitazama nguo kwenye kamba. Mama mkwe aliuliza wanangoja nini. Akaambiwa sakafu inakauka. Baada ya muda akauliza tena, akaambiwa tena. Mara ya tatu Mama Ndoo, badala ya kujibu vile vile, akamsimulia habari za sakafu nyingine, ya ukumbi wa ofisi, na kijana dereva aliyeingia na tope akavua viatu.

Mama mkwe alisikiliza kwa makini. "Huyo ni mwanangu," akasema.

"Ndiye."

"Alivua viatu? Mwenyewe?"

"Kila siku. Hata pakiwa pakavu."

"Kwangu hakuvua hata siku moja. Nilisema mpaka nikachoka." Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. Kisha akawa anakunja na kukunjua pindo la gauni lake. "Dada," akasema, "yule msichana wa ndoo alimpenda kweli mwanangu?"

Mama Ndoo akatazama zile nguo kwenye kamba. "Alimpenda."

"Nilimnunia bure."

"Hakuweka moyoni."

"Wewe unajuaje? Ukimwona mwambie. Mimi nasahau siku hizi."

"Nitamwambia," Mama Ndoo akasema.

Wifi alipofika alimkuta Mama Ndoo ana macho mekundu, akauliza kuna nini. Akajibiwa ni vumbi la vigae.

Mama mkwe alitembea peke yake juu ya sakafu hiyo kwa mwaka mmoja na miezi saba. Alikwenda chooni mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe, na hilo, kwa mtu aliyekuwa anapoteza kila kitu, halikuwa jambo dogo. Asubuhi aliendelea kumwamsha mkwewe aende shule. Baadaye miguu ikakataa, akawa wa kitandani, na Mama Ndoo akamtunza humo chumbani mpaka mwisho, wifi akija kumpokea siku za mapumziko. Alipofariki, wifi alimwambia Mama Ndoo kwamba sasa, kama anataka, avunje vigae na kuweka drafti yake. Mama Ndoo akasema ataangalia. Hakuvunja. Si kwamba alikuwa ameacha kuipenda, ila kila alipojaribu kuiona pale sebuleni alimwona mama mkwe akinyoosha mkono.

Profesa naye hakuwa tena fundi yule yule. Kila alipoitwa mahali, kabla ya kueleza mnyoofu na mshazari, aliuliza kwanza nani anaishi humo ndani na nani anaamka kwenda chooni. Kukiwa na mzee, au mtoto mwenye shida ya kutembea, au mtu asiyeona vizuri, alisema ana mwenzake ambaye lazima aje aone. Mwanzoni Mama Ndoo alikwenda kwa kumridhisha. Siku hizi ana daftari, ana kofia ya jua, na watu wanampigia simu yeye kabla ya fundi. Hamkatazi mtu drafti. Akiikuta imewekwa huikanyaga kidogo kwanza, ndipo anaanza kuuliza maswali.

Wiki iliyopita waliitwa kwa mke na mume vijana waliokuwa wamechagua vigae vya kijivu cha giza kwa nyumba nzima. Mke alikuwa ameshavilipia na hakutaka kusikia la mtu. Mama Ndoo hakubishana naye. Aliuliza tu kama kuna mtu mwingine nyumbani, akaambiwa yuko baba mkwe, chumba cha nyuma, haoni vizuri, hana neno. Akaomba kumsalimia. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na redio mapajani. Mama Ndoo alimwamkia, akakaa naye, wakaongea habari za redio. Kisha akachukua kigae kimoja cha kijivu, akakilaza chini mlangoni, akamnyooshea mzee mkono, akamwomba amsindikize nje, yule mke kijana akiwatazama.